Mkumbo na Makava Mekundu

Kisichokwaruzwa hakishiki rangi. Bibi yenu alilisema neno hilo jana, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza limetoka wapi. Mmefanya vizuri. Siku hizi watu hulitumia hata harusini, na wengine huapa kuwa ni la wahenga. Wahenga gani? Lilizaliwa hapa hapa Manyoni, mimi nikiwa na meno yangu yote, na aliyelisema kwanza alikuwa fundi wa rangi za pikipiki.

Wakati huo niliuza vipuri karibu na stendi. Jirani yangu alikuwa Fundi Msengi, mtu wa maneno machache na mikono yenye madoa ya kila rangi. Pikipiki ikianguka, mafundi wengine walinyoosha vyuma, yeye akairudishia sura.

Siku moja akaja dukani dereva wa bodaboda aliyeitwa Mkumbo. Alitaka makava mapya: la taa, la tangi na mawili ya ubavuni. Nilikuwa nayo. Hayakuwa yale halisi ya pikipiki yake, yalikuwa ya kuigiza, plastiki nyeusi inayong'aa hadi ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Nilijua kwa nini anayataka. Miezi miwili nyuma alianguka na mkewe, Nyamizi, wakitoka mnadani. Mkumbo alichubuka goti. Nyamizi alivunjika mkono. Mkumbo akawaambia watu wote kuwa mbuzi alikatiza barabara. Nyamizi hakubisha. Alifunga nguo zake kwa mkono mmoja, akaenda kwa baba yake Itigi, na kila alipotumiwa salamu jibu lilikuwa lile lile: hapandi tena pikipiki ya Mkumbo, wala harudi kwake.

"Mzee Ntandu," Mkumbo akaniambia, "nikiipaka nyekundu, rangi anayoipenda, ikaonekana kama haijawahi kuanguka, atarudi. Na wewe utanisindikiza."

Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wao. Ningekataaje?

Tukampelekea Msengi makava. Akayaosha kwa sabuni, akayafuta kwa thina, maana plastiki mpya hutoka kiwandani na mafuta yake. Akayafunga kwenye pikipiki aone kama matundu yanalingana, kisha akayafungua. Hadi hapo Mkumbo alikuwa mtulivu. Ndipo Msengi akachukua msasa na kuanza kulisugua kava la taa. Ule mng'aro wote ukaisha, kava likawa la kijivu na mikwaruzo mitupu. Akaliweka chini, akashika la tangi.

Mkumbo aliruka. "Fundi, unaharibu! Nimekuletea kitu kipya, wewe unakikwaruza?"

"Kisichokwaruzwa hakishiki rangi," Msengi akajibu bila kuinua macho.

"Mikwaruzo ndiyo ninayoikimbia mimi!"

Akayakusanya makava yake akaondoka. Kwake akayapulizia mwenyewe rangi ya kopo, nyekundu ya kuumiza macho. Nami, mzee mzima, nikamsifu. Nilijua kuuza vipuri, basi. Mambo ya rangi niliyajua kama ninavyojua kusuka mkeka, nami sijawahi kusuka hata mmoja.

Jumamosi tukaenda Itigi. Mvua ilikuwa imenyesha, tukafika tumejaa tope. Mzee Kapela, baba yake Nyamizi, alitupokea kwa heshima zote: maji, viti, habari za mvua na za mifugo. Nyamizi alitusalimu, akaketi karibu na mlango, mkono wake bado mwembamba kuliko mwenziwe. Kaka yake, kwa wema tu, akachukua ndoo na kitambaa akaanza kuiosha pikipiki ya shemeji.

Tukasikia anaguna. Tulipogeuka, rangi ilikuwa inabanduka kwenye tangi kama ganda la kitunguu. Akasugua ubavuni, na huko nako ikatoka. Chini yake ile plastiki nyeusi iling'aa kama siku niliyoiuza. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na pikipiki haikuwa yangu.

Mzee Kapela akainuka, akaizunguka polepole. Akasimama mbele, akakwaruza kava la taa kwa ukucha. Halikutoa hata chembe.

"Mkwe," akasema, "hili mbona limeshika?"

Mkumbo akatazama chini. "Hilo fundi alilikwaruza kwanza, baba. Alisema kisichokwaruzwa hakishiki rangi. Hayo mengine nilimkatalia."

"Kwa nini ulimkatalia?"

"Sikutaka mikwaruzo ionekane."

Mzee Kapela alirudi kitini bila neno. Nimefanya kazi ya ushenga miaka mingi, najua kuziba kimya kama kile. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, ya ujana na ajali na kudra. Nashukuru Mungu niliyameza.

Mkumbo akapiga magoti penye lile tope. "Baba," akasema, "hapakuwa na mbuzi."

Nyamizi akainua uso.

"Hapakuwa na mbuzi. Nilikuwa nashindana na mwenzangu. Nyamizi alinipiga mgongoni mara tatu, akiniomba nipunguze mwendo, nikacheka. Alipoanguka nikaogopa watu watasema nini, nikaanza na mbuzi kabla sijamuuliza ameumia wapi." Akamgeukia mkewe. "Nyamizi, nisamehe. Nilikuvunja mkono, kisha nikakufanya ubebe na uongo wangu."

Nyamizi alilia. Hakulia siku ya ajali, wala siku alipoondoka, hayo aliniambia baadaye. Alipomaliza akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mkono ulipona zamani," akasema. "Huyo mbuzi ndiye aliyenishinda kuishi naye. Leo sirudi. Nenda kwa fundi ukayakwaruze hayo makava mengine, mimi nitakuja na basi kuchagua rangi. Na hiyo nyekundu unaipenda wewe. Mimi sijawahi kuipenda hata siku moja."

Mzee Kapela alicheka kwanza, tukamfuata.

Jumatano iliyofuata Mkumbo alikuwa kwa Msengi tangu asubuhi. Fundi alimpa msasa na ndoo ya maji, akamwambia kazi ni yake. Rangi yote ya zamani ikatoka, akaanza kuusugua mng'aro. Vidole vilimchubuka. Basi la Itigi likaingia, Nyamizi akashuka akiwa na mfuko mdogo, akaja akasimama nyuma yake. Alilitazama kava la tangi kwa muda mrefu, kisha akainama, akagusa pembeni kwa mkono ule uliovunjika.

"Hapa bado panang'aa," akasema.

Mkumbo akasugua pale. Nyamizi akavuta kigoda, akaketi kando yake, akaomba kipande cha msasa.

Rangi aliyoichagua ilikuwa buluu, na waliipanda pamoja ile pikipiki hadi ikazeeka, bila rangi kubanduka. Mzee Kapela ndiye aliyelitangaza neno la fundi, akiwaambia vijana waliokuja kuomba radhi wakiwa na zawadi mkononi na ukweli mfukoni. Basi msilicheke tena. Kisichokwaruzwa hakishiki rangi.