Ala Mbovu ya Nyamizi

Sogeeni karibu, na anayependa kubisha akae mbele, maana kisa hiki kimenishinda kukiamua na natafuta wa kunisaidia.

Huko kwenye misitu ya Tabora palikuwa na watu watatu, kila mmoja na lake. Nyamizi alijua kukata ngozi, mkono wake haukutetereka. Mlekwa, mume wa dada yake, alikuwa mrina asali, na hakuna mti uliomtisha. Kapela, fundi viatu wa kibanda jirani, alikuwa na macho: hakuna mshono uliompita bila kuuchungulia, hata wa suruali uliyovaa.

Basi Nyamizi akamshonea Mlekwa ala ya kisu, ya kufunga pajani. Ilipendeza kweli. Ila mshono aliupitisha pale pale makali yanapogusa. Kila kisu kilipochomolewa, kiliukata uzi kidogo kidogo kwa ndani, na siku moja Mlekwa akiwa juu ya mti, ameinamia mzinga, mshono ukaachia na kisu kikamwingia pajani.

Angeweza kuitupa ala ile porini na kumtangaza shemeji yake kijiji kizima. Badala yake, jeraha lilipofungwa, aliipindua akaichunguza, kisha akachechemea nayo hadi kibandani kwa Nyamizi.

"Shemeji, ulitaka dada yako awe mjane?" alisema. "Hebu tazama uzi huu. Haukuoza, umekatwa."

Nyamizi alilia. Angeweza kuusingizia uzi, na nani angembishia? Lakini aliitundika ala ile mlangoni, na damu ya Mlekwa bado iko juu yake, na kila mteja akamwambia, "Hii niliikosea mimi. Mshono niliuweka kwenye makali." Mnadhani walimsifu? Walihamia kwingine, akabaki anafukuza nzi. Ilimuuma sana, lakini hakuishusha.

Kapela naye, kwa kuiona ikining'inia kila siku, alishindwa kutulia. Akaanza ala mpya: akakata ukanda wa ngozi ngumu, akauweka katikati ya ngozi mbili kabla ya kushona, ili makali yakutane na ukanda yasiufikie uzi. Kisha akailowesha ala, akaiacha ikauke kisu kikiwa ndani, ikashika umbo lake.

Wakati huo chama cha warina asali kilikuwa kimeahidi ng'ombe wa maziwa kwa atakayeleta ala isiyomsaliti mtu mtini. Kapela akaipeleka yake. Siku ya majaribio, nani apande nayo? Wote wakatazama chini. Mlekwa, na kovu lake bado bichi, akaifunga pajani, akapanda, akaning'inia kichwa chini. Kisu hakikudondoka. Akakichomoa kwa mkono mmoja, akakirudisha, tena na tena, na uzi haukuguswa. Vigelegele vikapigwa.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mama Kalunde, mwenyekiti wa chama, alishika kamba ya ng'ombe akauliza, "Ng'ombe ni mmoja, na hachinjwi. Ni wa nani?"

"Mimi ndiye niliyeshona," alisema Kapela. "Ile ala mbovu waliiona wengi, wakapita zao."

"Na ubovu wake uligunduliwa kwenye paja la nani?" alidakia Mlekwa. "Na leo kaning'inia nani?"

Nyamizi alimtamani ng'ombe yule kuliko wote. Si maziwa tu. Alitaka wale waliomkimbia wamwone akiondoka naye. Lakini aliona aibu kudai zawadi iliyopitia kwenye damu ya shemeji yake. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kosa ni langu, sikatai. Lakini mkiniacha nirudi mikono mitupu, kesho fundi mwingine akikosea ataitundika ala yake mlangoni, au ataitia motoni?"

Mama Kalunde akamtazama Nyamizi, akamtazama Mlekwa, akamtazama Kapela, na kamba angali ameishika, maana mimi msimuliaji sijaweza kumwambia amkabidhi nani.

Je, wewe ungempa nani? Na wale wawili utakaowanyima, ungewatazama usoni ukawaambia nini?