Tonge la Mhamishwa wa Sumbula

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwani nikishaanza sipendi kukatizwa. Alikuwako Sultani Mudhafari bin Ghanimu, mtawala wa mji wa Rihani wenye kuta saba na malango ya msaji, na ukarimu wake ulivuma mpaka nchi ambazo yeye mwenyewe hakuzijua majina, na fahari yake kubwa haikuwa askari wala hazina bali sinia zake za adhuhuri, ambazo hakuna mgeni aliyezipita bila kushiba, na aliyezikataa alihesabiwa kuwa amemtukana Sultani mbele ya kadamnasi.

Basi siku moja, jua la utosi, watu wamejaa sokoni, likashuka kutoka mbinguni yai la shaba kubwa kuliko nyumba, likatua uwanjani mbele ya kasri, taratibu, bila hata kutimua vumbi. Wauza samli wakaacha samli, na waliokuwa wakigombana wakasahau ugomvi. Yai likafunguka ubavuni, akatoka kiumbe mrefu kupita mlango, ngozi yake rangi ya majivu, macho makubwa yasiyopepesa, na mikono minne, miwili juu na miwili chini yake. Kisha yai likajifunga, likapaa, likaenda zake, na yule kiumbe akasimama akilitazama mpaka likatoweka, na hata lilipotoweka hakuinamisha kichwa.

Watu wakasema, "Jini!" Wengine wakasema, "Afriti!" Jamani, si jini wala afriti. Alikuwa mtu wa nyota ya Sumbula, na watu wa huko hujifunza lugha kwa kuisikia tu, naye akakaa siku tatu pale uwanjani akiwasikiliza wapita njia, na siku ya nne akabisha lango la kasri na kusimama mbele ya Sultani na kunena kwa lugha iliyonyooka kuliko ya wengi waliokuwamo barazani.

"Ewe Sultani wa zama, Mola akudumishe katika enzi. Mimi ni Thurayani, niliyekuwa waziri katika ufalme wa Sumbula. Mfalme wetu aliuawa na jemadari wake, Ghashimu, na Ghashimu akakalia kiti na kutuita mawaziri tumpe kiapo cha utii, nami nikafumba mikono yangu yote minne. Hakuniua, kwani kuniua kungenipa heshima. Akawauliza wanajimu ni nchi gani isiyo na hata mmoja wa kabila letu, wakamwonyesha yenu."

Sultani akatokwa na machozi, maana moyo wake ulikuwa laini japo hasira zake zilikuwa za karibu, akasema, "Umefika kwako, ewe Thurayani. Nyumba utapewa, na mavazi utashonewa, ingawa mshoni wangu atalia akiona mikono hiyo, na kila adhuhuri utakula pamoja nami."

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani adhuhuri hiyo hiyo Thurayani aliketishwa sinia moja na Waziri Kadhimu, mzee mwenye kujiona, na chakula kilipofunuliwa Thurayani akakanda tonge la wali na maini, akaliinua kwa adabu zote, akalipeleka kinywani mwa waziri. Waziri akaruka nyuma. "Lo! Mimi kitoto cha maziwa, nilishwe mbele za watu?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Sultani naye akacheka, Mola amsamehe. Thurayani akalirudisha tonge kwenye sinia, akakunja mikono minne, na hakugusa kitu tena.

Sasa nawaambieni ninyi jambo ambalo pale hakuna aliyelijua. Kwa watu wa Sumbula hakuna ajilishaye. Mkono wa mtu haufiki kinywani mwake mwenyewe tangu azaliwe mpaka afe. Humlisha mwenziwe, na mwenziwe humlisha yeye, na anayejilisha huhesabiwa mnyama, na anayeomba kulishwa huhesabiwa duni kuliko mnyama. Na kiapo cha utii kwao ni hicho hicho, kumlisha mfalme tonge kwa mkono wako. Ndiyo maana Ghashimu hakuhitaji upanga. Alimtupa mtu mahali pasipo na mkono wa kumlisha, akajua njaa itamaliza kazi.

Kunywa hakukuhesabiwa kula, na kwa hiyo Thurayani akaishi kwa maziwa na maji ya madafu, miezi minne, akikonda. Na kila adhuhuri alikwenda kuketi penye mojawapo ya sinia za Sultani, mbali na kiti chake, kwa heshima, mikono imekunjwa, na watu wakanong'ona, "Anaringa huyo. Chakula cha Sultani kinamnukia vibaya." Akirudi nyumbani alipopewa hakuwa na wa kusema naye. Aliongea lugha ya Sumbula peke yake, akijiuliza na kujijibu, asije akaisahau, na sauti ikimkauka alinyamaza.

Palikuwa na mwanamke mjane, Mwatumu binti Hafidhi, ambaye kazi yake katika kasri ilikuwa kuwanawisha wageni, kupita na birika na besini kabla ya kula na baada ya kula. Mnawishaji huona mikono tu, nyuso hazimhusu, naye Mwatumu akaona kwamba maji ya Thurayani baada ya kula yalikuwa safi kama ya kabla, siku ya kwanza, na ya pili, na ya mia. Wengine walisema anaringa. Yeye akajisemea, "Anayeringa huonja kwanza. Huyu anakufa."

Nao uvumi ukamfikia Sultani, na hasira zile za karibu zikapanda, akatoa amri: Ijumaa Thurayani ale mbele ya watu wote, ama atoke Rihani na asionekane tena. Mtu ametupwa kutoka kwao, na sasa anatupwa tena kutoka alikotupwa!

Alhamisi asubuhi Mwatumu akachukua bakuli la wali wa nazi akaenda nyumbani kwa Thurayani, akapiga hodi, akamkuta ameegemea ukuta kwa udhaifu.

"Bwana mgeni," akasema, "miezi minne nakunawisha na sijaona hata chembe ya mchele kwenye kucha zako. Mimi si waziri, huna haja ya kunificha. Una nini?"

Thurayani akamweleza yote, kwani aliulizwa, na kujibu si kuomba.

"Basi ni hilo tu?" akasema Mwatumu. "Fungua kinywa."

"Bibiye, usiniue kwa wema. Mtu wa Sumbula akilishwa na mkono wa kabila jingine, jina lake linafutwa kwetu na mlango unafungwa milele. Ninaye mama kule, na ninaye ndugu. Ghashimu naye atakufa siku moja, nami nitaitwa. Nangoja kuitwa."

"Utatangulia kufa wewe!"

"Nitakufa nikiwa wa kwetu."

Mwatumu akakasirika, akalia, akaondoka na bakuli lake, na wali ule hakuula yeye wala hakumpa mtu.

Ijumaa ikafika. Ukumbi ukajaa, Sultani kwenye kiti, Thurayani amesimama mbele ya sinia, na kabla neno halijasemwa yai la shaba likashuka uwanjani kwa mara ya pili. Akatoka mtu wa Sumbula, mnene, amevaa hariri, naye alikuwa Suhaili, ndugu yake Thurayani, baba mmoja mama mmoja. Wakakumbatiana, mikono minane imefungamana, na Thurayani akalia kwa sauti bila haya, maana hakuwa ameguswa na mtu tangu alipotua.

"Nimekuja kukuchukua," akasema Suhaili, kwa lugha ya Rihani, aliyoisikiliza siku tatu akiwa ndani ya yai juu ya mji, ili Sultani asikie. "Mfalme Ghashimu amekusamehe. Umlishe tonge moja tu, ndugu yangu. Moja! Na uwaziri wako utarudi."

Thurayani akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Naapa, mbili nzima. Kisha akasimama.

"Wewe ulimlisha?"

"Nilimlisha. Sote tulimlisha."

"Na mama anasemaje?"

Suhaili akatazama chini. "Mama hali tena kutoka mkononi mwangu tangu siku ile. Analishwa na jirani. Hasemi nami."

Hapo Mwatumu, ambaye hakupewa ruhusa na mtu, akaweka birika chini, akamgeukia Sultani na kumweleza desturi ya Sumbula mwanzo hadi mwisho, na kwamba mgeni aliyechekwa alikuwa akimpa Waziri Kadhimu heshima kuu kuliko zote. Sultani akafunika uso kwa kilemba chake, na Waziri Kadhimu akatafuta pa kujificha asipaone.

Thurayani akasema, "Suhaili, mama yetu ameshikilia, na mimi nitashikilia. Mlango unaofunguliwa kwa tonge la Ghashimu si mlango wangu tena. Mwambie jirani amwambie hivyo." Kisha akapiga magoti mbele ya Mwatumu, na macho yake yasiyopepesa akayafumba, akafungua kinywa.

Mwatumu akakanda tonge kutoka kwenye sinia, punje mbili zikaanguka, na tonge likaingia. Suhaili akatoa ukelele mmoja, akampa ndugu yake kisogo, kama wafanyavyo kwao mbele ya maiti, na akatoka bila kugeuka, na yai likapaa naye. Thurayani akatafuna, machozi yakimshuka, akameza, na alipoacha kusikia mvumo wa yai akasema neno ambalo hakuna mtu wa Sumbula aliyepata kulisema.

"Niongezee."

Sultani akaomba radhi mbele ya watu, akampa Thurayani uwaziri na jumba na mashamba ya mikarafuu, na Mwatumu alipomaliza eda ya kujishauri, ndivyo alivyoiita mwenyewe, akakubali posa, na harusi ikaliwa siku saba. Siku ya kwanza watu waliketi kama ilivyo desturi, jamaa wa bibi harusi huku na jamaa wa bwana harusi kule, na kule hapakuwa na mtu, mikeka mitupu imetandikwa. Sultani akaliona, akainuka kwenye kiti chake, akaenda kuketi upande ule, na Waziri Kadhimu akamfuata, na nusu ya mji ikahamia.

Mkitaka funzo, lichukueni: mgeni akiacha chakula chenu, msiulize anaringa nini, muulizeni kwao huliwa vipi. Hekaya yangu imekwisha, nami nimechoka, ila hili nisiwafiche. Thurayani alipita kwenye mikeka ile akawashukuru mmoja mmoja, akawalisha mmoja mmoja kwa mikono yote minne, nao wakafungua vinywa kwa furaha, na katika wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyefanana naye.