Kipete cha Mtungi wa Kijani

Wahenga walituonya tusikipuuze kitu kwa udogo wake, kwa maana dogo hilo hilo ndilo hutuletea kilio kikubwa. Mzee Kiyotaka aliyasikia maonyo ya aina hiyo tangu utotoni, yakamwingilia sikio hili yakatokea lile.

Mkewe, Hatsue, alikuwa amemwachia tangi la kioo lililopandwa majani ya majini, pamoja na kundi la samaki wadogo wekundu. Tangi lilikaa katika chumba cha mikeka, karibu na kibweta cha kuwakumbukia mababu, kilichobeba picha ya marehemu. Tangu kifo chake majani yalikuwa yakigeuka manjano, na siku ya kumkumbuka ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Kiyotaka aliapa kwamba wageni hawatakuja kuona bustani ya mkewe ikioza.

Majani ya majini hula hewa ukaa, basi akaenda kwa Nagumo, muuza samaki wa mapambo, kuchagua vifaa. Alivikataa vichupa vidogo vya hewa hiyo, vya kutumia na kutupa, akasema atatumia mtungi wa kijani wa kilo tano, ule ambao maduka ya pombe huazimisha kwa ajili ya bia. Akachukua reguleta ya shaba ya kupunguza kasi ya hewa, yenye vipimo viwili vya mshale, na kinyunyizio cha kioo chembamba kama ganda la yai. Hakubana mkono hata kidogo. Hatimaye Nagumo akamwekea mezani kipete cheupe cha nailoni, kisichozidi ukucha, cha kuziba kiungo cha mtungi na reguleta.

"Kila ukibadilisha mtungi, badilisha na hiki. Kisha pakaa povu la sabuni uangalie kama hewa inavuja."

"Nimeshanunua farasi, unaniuzia na kwato?" Kiyotaka alimcheka. Nyumbani alikuwa na kipete cha zamani kilichobaki katika vifaa vya mkewe, na bei ya kipya haikufika hata ya tonge la wali. Alikataa kwa ukaidi tu, jamani, si kwa umaskini.

Asubuhi moja ya theluji alifunga reguleta kwenye mtungi kando ya tangi, kwa kipete kile kikuukuu. Sabuni hakuigusa. Mama yake, Bi Toki, mwenye miaka tisini na mbili, alikuwa amelala katika chumba kile kile cha mikeka, kwenye godoro la sakafuni, kama ilivyo desturi yake wakati wa baridi. Kiyotaka akamwashia Hatsue mshumaa kwenye kibweta, akatoka.

Aliporudi, mshumaa ulikuwa umezimika. Akadhani ni upepo, akabandika karatasi kwenye kila upenyo wa dirisha na mlango. Akawasha tena. Adhuhuri akaukuta umezimika tena, na Bi Toki ameketi godoroni, ameukazia macho.

"Ni Hatsue, Mama. Amekuja kuona majani yake," Kiyotaka alisema, na kweli moyo wake ulifurahi.

Bi Toki alitikisa kichwa polepole. "Kiyo, mshumaa wa wafu haupulizwi kwa mdomo. Hatsue alikuwa na adabu zake. Huyu anayepuliza ni nani?"

Nywele zilimsisimka. Lakini mama alikuwa akisahausahau siku hizi, na alilalamika kichwa kinamuuma na usingizi unamlemea, basi akamfunika vizuri akafunga mlango ili asipate baridi.

Saa tisa aliingia na chai. Chumba kilikuwa kimya mno. Samaki wote walikuwa wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wametulia kama watu wanaongoja jina lao liitwe. Akainama kuwasha mshumaa. Kiberiti kikafa mkononi kabla hakijafika utambini. Akawasha kingine, nacho kikafa. Hapo ndipo alipomtazama mama yake na kuona midomo yake iko wazi vile vile.

Alizipasua karatasi kwa kucha, akamburura hadi barazani kwenye theluji, akimwita. Bi Toki hakuitika tena.

Nagumo alikuja kuufungua mtungi. Ulipaswa kudumu mwaka, ulikuwa mtupu. Kipete kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba hewa ile ni nzito, hujaa kuanzia sakafuni kama maji, na anayelala chini ndiye humezwa kwanza.

Siku ya kumkumbuka Hatsue wageni walikuta tangi tupu, na kwenye kibweta picha mbili. Mshumaa uliwaka siku nzima bila kutikisika, na Kiyotaka aliketi mbele yake, kipete kile kikuukuu kiganjani. Hakika, mdharau mwiba, mguu huota tende.