Balozi wa Mchicha

Paukwa!

Pakawa!

Hizo sauti gani? Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nimesikia watu. Kaeni vizuri, watoto mbele, wakubwa nyuma. Anayetafuna atafune polepole, maana hadithi ya leo ni ya kutafuna.

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa bado wanafanya mikutano, palikuwa na kijiji kilichoitwa Majanini. Kilizungushiwa ua wa miiba. Ndani ya ua mlikuwa na bustani kubwa ya wote, kando ya kijito. Mchicha humo. Matembele humo. Kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, yote humo. Nje ya ua alikuwapo Kicheche, alikuwapo Mwewe, alikuwapo kila mwenye meno na makucha.

Mwenyekiti wa Majanini alikuwa Beberu. Ndevu ndefu, sauti nene. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe akaita, "Meee! Ndugu zangu, sisi ni nani?"

"Watu wa majani!" wakaitikia wanyama.

"Tunakula chenye pumzi?"

"Hatuli!"

"Tunakula chenye damu?"

"Hatuli!"

Kisha wote wakainamisha vichwa kwenye mchicha. Kafu, kafu, kafu.

Beberu alijipiga kifua. Kondoo akajipiga kifua. Punda naye, hakutaka kuachwa nyuma, akajipiga kifua. Sasa niulizeni, walikuwa wameacha nini hao? Beberu tangu azaliwe hajawahi kutamani nyama. Mpe mshikaki, atakula kijiti, nyama ataitema. Babu yake alikuwa hivyo hivyo. Lakini ukimsikia anavyoeleza, utadhani jana tu alikuwa na bucha.

Katika kijiji hicho aliishi Kuku mmoja. Jina lake Mama Kishungi, maana kifaranga wake wa kwanza alikuwa na kishungi kichwani. Alikuwa mjane. Mumewe alitoka nje ya ua asubuhi moja kunyoosha miguu, Kicheche akamnyooshea shingo. Yakarudi manyoya tu, yakipeperushwa na upepo. Tangu siku hiyo Mama Kishungi akasema, mimi na wanangu ni humu humu ndani, tufe tuzikwe humu.

Majani alikula bila ugomvi. Mtama alikula, pumba alikula. Lakini Kuku ni Kuku. Mvua ya kwanza iliponyesha, kumbikumbi wakatoka katika kichuguu kilichokuwa nje ya lango, wakaruka juu ya ua, puru puru puru, wakaanguka uwanjani. Wanene! Wamejaa mafuta! Vifaranga wakaingiwa wazimu.

"Mama, nini hiki?"

"Meza kwanza, uulize baadaye."

Do! Do! Do! Hata jibu la swali hawakulihitaji tena.

Punda aliwaona. Hooo-hi! Hooo-hi! Akazunguka kijiji kizima akitangaza. Kabla Mama Kishungi hajafuta mdomo, baraza limeshakaa.

"Mama Kishungi," akasema Beberu, "umekula chenye pumzi."

"Mzee Mwenyekiti, walikuwa kumbikumbi."

"Kumbikumbi hana pumzi?"

"Anayo. Lakini mabawa yalishamdondoka, Mzee. Asingefika asubuhi."

Kondoo akaangua kilio. "Mnamsikia? Mbele ya wanangu! Leo kala kumbikumbi, kesho atanila mimi!"

Mama Kishungi akamtazama Kondoo kuanzia kwato hadi masikio. Kisha akautazama mdomo wake mwenyewe. Hata kama angetaka, kazi hiyo angeianzia upande gani?

Beberu akatoa hukumu. "Safari hii tumekusamehe. Kuanzia leo utakaa nyuma ya wote. Wewe na wanao mtakula majani matupu. Mtama basi, maana mtama nao una wadudu. Tukikukamata tena, lango lile pale."

Mama Kishungi akalitazama lango. Akayakumbuka yale manyoya. "Nimesikia, Mzee," akasema.

Akatii. Vifaranga wakala mchicha asubuhi, wakala mchicha jioni. Shingo zikawa nyembamba. Manyoya yakagoma kuota. Kondoo akala mchicha huo huo akanenepa, akawa anawaambia, "Mnaona unavyofaa?" Mama Kishungi roho ilimuuma, lakini angefanyaje?

Haya. Siku moja mchana kweupe, lango likagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi wenyewe!"

Wakachungulia. Fisi!

Lo! Kondoo alipita chini ya Punda. Punda akajaribu kupanda mti. Beberu akaruka kutoka kwenye jiwe, akawa mfupi ghafla.

"Msikimbie," akasema Fisi. "Nimeacha."

"Umeacha nini?" akauliza Beberu, akiwa nyuma ya Kondoo.

"Nyama. Nimechoka. Nikilala, kila niliyewahi kumla anakuja ndotoni kuniamkia. Shikamoo, shikamoo, mpaka kunakucha. Nimechoka kuitikia marahaba. Nataka kula majani kama ninyi."

Wakamletea jani moja la mchicha, wakamsogezea kwa fimbo ndefu. Fisi akalinusa. Akalitia mdomoni. Kijiji kizima kikanyoosha shingo. Kafu. Kafu. Akameza, gulu! Machozi yakamtoka.

Weee! Vigelegele! Kondoo akazimia. Akazinduka, akauliza, "Bado anatafuna?" Wakamwambia ndiyo, akazimia tena.

Siku hiyo hiyo Fisi akatandikiwa mkeka mpya karibu na jiwe. Akapewa cheo, Balozi wa Mchicha. Mama Kishungi aliyatazama hayo akiwa nyuma ya wote, vifaranga wamejibana chini ya mbawa zake. Akashindwa kunyamaza.

"Mzee Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Uliza ukiwa huko huko."

"Huyu bwana si ndiye aliyemla shemeji yake Kondoo, pamoja na kengele yake?"

"Ndiye," akasema Kondoo kwa fahari. "Yeye mwenyewe!"

"Sasa mimi wa kumbikumbi nimewekwa nyuma, yeye wa shemeji amewekwa mbele?"

Beberu akatikisa ndevu kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mama, hujaelewa. Wewe ukiacha kumbikumbi wako watatu, nani atajua? Huyu akiacha nyama, nchi nzima itazungumza!"

Na kweli nchi ilizungumza. Swala wakaja kumtazama Balozi akila. Pundamilia wakaja. Hata Twiga alikuja, akatazama kwa juu bila kuomba ruhusa. Beberu akawaambia wote, "Mnamwona? Ni mimi niliyemwongoa." Kichwa kikamvimba hadi pembe zikawa ndogo.

Watoto, nawajua. Nyuso zenu nazisoma. Mnangoja Fisi amrukie mtu. Hakumrukia mtu! Fisi aliapa na kiapo chake alikishika. Mchicha alikula. Kisamvu alikula. Ila kuna jambo moja ambalo watu wa Majanini hawakulifikiria. Tumbo la Fisi na tumbo la Mbuzi hayakuumbwa pamoja.

Wakamletea kikapu cha mchicha. Kafu kafu kafu, gulu! "Nashukuru," akasema Fisi. "Bado kidogo."

Wakamletea chungu cha kisamvu cha karanga. Gulu! "Nashukuru. Bado kidogo."

Wakamletea kunde za nazi, na matembele, na majani ya maboga yaliyopondwa. Gulu! Gulu! Gulu! "Nashukuru sana. Bado kidogo."

Hakuwa na adabu mbaya. Alikuwa na njaa. Alikula mpaka tumbo likamvimba, na njaa yake ikabaki pale pale inamtazama.

"Mpeni!" akasema Beberu. "Akirudia nyama, nyuso zetu tutaziweka wapi? Swala watasema nini?"

Wakampa. Kila kilichoota, Balozi. Kila kilichochipua, Balozi. Bustani ikawa kama uwanja wa ngoma, vumbi tupu. Beberu akapanda juu ya jiwe akatangaza kwamba kijiji kikaze mkanda kwa ajili ya Balozi. Punda akala mkeka wake. Kondoo akala paa la nyumba yake mwenyewe, kisha akalalamika kwamba mvua inaingia.

Na vifaranga? Hata ule mchicha uliokuwa hauwatoshi sasa haupo. Asubuhi moja Kishungi akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka.

"Mama," akasema, "tumbo langu limenyamaza."

Tumbo la mtoto likilia, mama anahangaika. Likinyamaza, mama anaogopa. Mama Kishungi akakimbia hadi kwenye jiwe. "Mzee Mwenyekiti, punje za mtama tu! Mtoto ananifia!"

"Subiri, Mama," akasema Beberu. "Balozi hajashiba."

Jioni ile Fisi akaketi mkekani kama kawaida. Wakamletea jani moja, la mwisho, limetobokatoboka. Gulu! "Nashukuru. Bado kidogo."

Hapakuwa na kidogo. Wanyama wakatazamana. Beberu akakohoa.

"Balozi," akasema, "tumefikiri. Kama ungeonja... nyama. Kidogo tu."

Fisi akashtuka. "Nyama? Mzee, mimi nimeapa!"

"Siku moja tu! Upate nguvu. Kisha unaacha tena. Na kuacha kwa mara ya pili, Balozi, kutavuma kuliko kule kwa kwanza."

Tumbo la Fisi likanguruma, nguru nguru nguru, hadi Punda akarudi nyuma. Kisha Fisi akauliza polepole, "Nyama ya nani?"

Beberu akamtazama Kondoo. Kondoo akamtazama Punda. Punda akatazama mawingu. Halafu shingo zikageuka, moja baada ya moja, zikatazama nyuma kabisa. Kule alikokaa Mama Kishungi.

"Yule," akasema Kondoo, "kusema kweli, hajawahi kuwa mwenzetu hasa."

"Nilimwona kwa macho yangu," akasema Punda. "Do, do, do!"

"Kumla mla kumbikumbi si kula nyama," akasema Beberu, akiipata sauti yake ya jiweni. "Ni kukisafisha kijiji."

"Na watoto wake?" akauliza Fisi.

"Hao ndio kabisa! Wamekula mchicha miezi yote hii. Ni mboga tupu."

Mama Kishungi akasikia baridi kuanzia kucha hadi kidomo. Akawafunika wanawe kwa mbawa. Kicheche alimuua mumewe, lakini Kicheche hakuwahi kumwita mumewe ndugu. Hawa wamemwita ndugu kila asubuhi.

Fisi akasimama. Wanyama wakampisha njia. Wengine wakaanza kuimba, "Watu wa majani!" kama kila asubuhi, kumtia moyo. Akaja taratibu, akapita katikati yao, akasimama mbele ya Mama Kishungi. Mama Kishungi akafumba macho.

"Mimi," akasema Fisi, "nimekula nyama maisha yangu yote. Nimenyemelea. Nimekimbiza. Nimeiba mizoga ya Simba. Lakini haijatokea hata siku moja nikaletewa mtu na majirani zake, tena wakiimba."

Wimbo ukakatika.

"Mzee Mwenyekiti, naomba ruhusa niondoke. Niondoke mapema, kabla hamjanifundisha tabia mbaya."

Akaenda langoni, akalisukuma, kriii. Akageuka. "Mama, kichuguu kile pale. Nitalala kando yake mpaka watoto wapate nguvu. Kicheche akiniona, hatasogea."

Mama Kishungi akafumbua macho. Akamtazama Fisi, meno yake yote na udenda wake. Akawatazama majirani zake, na yale majani yao ya mdomoni tu. Alitazama huku, akatazama kule. Kisha akamwinua Kishungi kwa mdomo, akawaita wengine, kwa kwa kwa, akatoka na Fisi.

Kule kichuguuni akaparura, para para para. Mchwa wakatoka. Vifaranga wakadonoa. Fisi, kwa njaa, akatoa ulimi, akalamba mara moja. Akasimama, akafikiri.

"Hawa nao wana pumzi, Mama."

"Sisemi hawana," akajibu Mama Kishungi. "Nasema wanangu wana njaa."

Fisi hakubisha. Akalamba tena, taratibu. Kishungi akameza mmoja, akameza wa pili. Akajikaza. Akasimama. Mama yake akalia pale pale, bila aibu, huku akiparura.

Wengine husema yupo fisi mdogo anayelamba mchwa hata leo. Mimi sikuwapo, sibishani na mtu.

Basi, wakubwa kwa watoto, sikieni. Mchicha hauna kosa, uleni. Kumhurumia kiumbe asiyeweza kujitetea ni jambo jema, na anayeweza kuacha nyama kwa ajili hiyo namheshimu. Lakini anayejisifu kwa kuacha asichokitamani hajaacha kitu. Na anayemlilia kumbikumbi huku akimtoa jirani yake aliwe, huyo hana huruma, ana jiwe la kusimamia tu.

Hadithi yangu nimeifikisha mwisho, hapo ndipo ilipoishia. Inukeni, kanaweni mikono, na kila mtu atazame sahani yake.