Gunia Kwenye Kiti cha Dereva

Hapo zamani, magari ya mbio yalipokuwa yakitimua vumbi huku kwetu nyanda za juu, Mzee Mgimwa alibakiwa na gari moja, mgongo mbovu na watu watatu: Sekunda wa kuchagua springi, Chengula wa shokapu, Lutengano wa usukani. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa gereji.

Akawaambia, "Wanangu, nimechoka. Tukishinda, gereji yenu. Tukishindwa, sina ugali wa watatu. Mmoja ataondoka."

Springi huchaguliwa kwa uzito. Sekunda akaazima mizani ya mashine ya kusaga iliyo jirani, akapima gurudumu moja moja, mengine yakiwa juu ya matofali. Akabaki dereva.

"Kaka Lutengano, una kilo ngapi?" Eti kamwita kaka, mbele za watu!

"Themanini."

Themanini! Sisi tuliopanga foleni ya kusaga mahindi tuliziba midomo kwa khanga. Tumbo lile lilikuwa likiingia mlangoni kabla ya mwenyewe. Lakini Sekunda alikuwa anampenda, nyie. Hakumwambia apande mizani. Akaweka gunia la kilo themanini kitini, akachagua springi za kulifaa gunia.

Lutengano alipoketi, gari likalalia kulia. Chengula akaona, akanyamaza. Akatia oili nzito kwenye shokapu za kulia, lisizame upesi.

Siku ya mbio likaongoza mizunguko tisa. Wa kumi, akifukuzwa, Lutengano akaingia kona ya kushoto bila kupunguza mwendo. Tuta la kwanza, springi ikabonyea, oili nzito ikaichelewesha kurudi. Tuta la pili, ikabonyea zaidi. La tatu, tumbo likagonga chini, la gari jamani, gari likapinduka.

Lutengano akatoka mzima. Wakaketi wote juu ya matairi, vumbi hadi kwenye kope.

Sekunda akasema, "Nilipima nilichoambiwa."

"Na macho ulimwachia nani?" akasema Chengula. "Bila oili yangu msingemaliza hata mzunguko mmoja."

"Nilidanganya, ndiyo," akasema Lutengano. "Mbele ya kina mama wote wale, na Sekunda ananitazama, ningesemaje? Lakini wewe fundi wa shokapu ulijua kabla sijawasha gari."

Mzee Mgimwa akapumua. "Hata mimi nililiona gunia. Sikuwa na nguvu za kubishana." Akanyoosha mkono. "Nipeni ufunguo mmoja."

Haya, nyie hodari wa kusema watu. Funguo tatu, mkono mmoja, na mzee amechoka kusubiri. Je, nani alistahili kurudisha wake?