Kikombe chenye Kichwa cha Sikudhani

Hadithi inakuja, ipisheni njia. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, manyunyu yakianguka. Zimwi lililokuwa limemmeza Sikudhani lilimwambia mamaye, Mwanamvua mfinyanzi: “Nifinyangie kikombe chenye kichwa cha mwanao. Kikitoka motoni kizima, nitamtapika.”

Mwanamvua alifinyanga kichwa chenye uwazi ndani, akashika mwiba wa kukitoboa ili hewa ipate pa kutokea. Mara tatu aliuinua. Mara tatu yale macho ya udongo yalimtazama.

“Toboa, mama, siumii!” Sikudhani alipaza sauti tumboni mwa zimwi.

“Nikuchome kwa mkono wangu, mwanangu? Siwezi.”

Kilipokauka, alikitia motoni bila tundu. Kikapasuka.

“Huruma yako hiyo, bibi wee!” Zimwi likacheka, likaenda zake na Sikudhani tumboni.

Mama akaokota vigae majivuni, akavihesabu: kumi na tisa.