Kwa Nini Waheshimiwa wa Chumbari Huketi Juu ya Mbuzi ya Nazi

Zamani hizo, Chumbari haijawa nchi, kisiwa kizima kilikuwa na viti kumi na viwili tu, na vyote vya Gavana. Tena mbao zetu, seremala wetu, jasho letu! Sisi wenyewe tulikaa chini, tukimtazama viatu.

Kila mwaka tuliomba uhuru, na kila mwaka ilikuja Tume kutoka ng'ambo kutupima. Mwaka wa kwanza ikasema tu wachache mno. Tukazaana, Mungu shahidi, tulizaana kwa bidii! Mwaka wa pili ikasema tumekuwa wengi mno, hatutatawalika. Jamani!

Mwaka wa tatu, Gavana alipojua Tume iko njiani, alivifungia viti vyote ghalani. Siku ya mkutano, mkuu wa Tume akatuangalia tulivyotapakaa mchangani, akatikisa kichwa.

"Watu wasio na hata viti vya baraza watajitawalaje? Tutarudi baada ya miaka kumi."

Gavana akakohoa kuficha kicheko. Miaka kumi! Kwa viti alivyovificha mwenyewe!

Ndipo akainuka Bi Mwanashuru, mpishi wa harusi zote za kisiwa. "Ngojeni hapo hapo, baba zangu." Akaenda jikoni kwake, wanawake wengine wakatawanyikia majikoni kwao. Walirudi kila mmoja na mbuzi yake ya kukunia nazi, kile kigoda chenye chuma cha meno mbele. Wakazipanga duara, wakaketi wote isipokuwa Bi Mwanashuru.

"Viti hivi hapa. Mnataka vingapi?"

"Hivyo ni vyombo vya jikoni!" Gavana akafoka.

"Na wewe wali wa nazi unaokula unapikiwa wapi? Ofisini?"

Watu wakaangua kicheko. Gavana akaapa kuionyesha Tume kwamba vitu vile havikaliki. Akajibwaga juu ya mbuzi iliyokuwa tupu, kinyumenyume. Meno yale hayakujali cheo. Aliruka na yowe lililofika bandarini, kipande cha suruali nyeupe kikabaki chumani.

"Miaka yote hiyo," akasema Bi Mwanashuru, "tumetawaliwa na mtu asiyejua hata kukaa!"

Tume ikatia saini palepale, wote wakiwa wima.

Basi kuanzia asubuhi ile, Baraza la Chumbari huketi juu ya mbuzi, meno yakielekezwa mbele. Mheshimiwa akisinzia, akiinama, chuma humwamsha. Na yule atakayetugeuzia mgongo, nafasi ya Gavana ipo, na meno tunayanoa kila Ijumaa.